Mkufunzi na Zile Alama Nne

Mkufunzi alikuwa anasahihisha kwa kalamu ya kijani. Ukimuuliza kwa nini si nyekundu kama walimu wengine, anakujibu bila kuinua kichwa: "Nyekundu tunaiona ya kutosha machinjioni." Basi, imeisha hiyo. Chuo chetu kilikuwa cha mifugo, pale Musoma, na yeye ndiye aliyeshika koziweki, yaani zile alama za mwaka mzima zinazokusanywa kabla ya mtihani wa mwisho: majaribio, kazi za darasani, praktiko za vijijini. Jumla yake arobaini. Ukipata ishirini unaingia kwenye mtihani wa mwisho. Ukipata kumi na tisa unafunga begi unarudi kwenu, na mwaka umekwenda. Mimi nilipata kumi na tisa.

Nimeanza na hilo makusudi, maana watu tuliosoma nao siku hizi wakimkumbuka wanamsifu tu. Alikuwa mtu wa haki, wanasema, siku hizi hawapo tena. Alikuwa wa haki, nani anakataa? Mimi mwenyewe nimemsifu kwenye harusi na kwenye misiba. Lakini haki yake kuna mtu aliilipia, na mtu huyo hakuwa yeye wala mimi.

Kwa kumtazama hakuwa wa kutisha. Mfupi, shati la mikono mifupi limenyooshwa pasi, tumbo dogo la mtu anayekula ugali kwa furu, vile visamaki vya ziwani, kila mchana wa Mungu bila kubadilisha. Kilichokuwa kinatutisha ni soksi. Siku ya jaribio alikuwa anavua viatu mlangoni, anavipanga vizuri, halafu anatembea kati ya madawati na soksi zake za bluu. Msimamizi mwenye viatu unamsikia; ukijua yuko dirishani unapumua kidogo. Huyu ulikuwa hujui aliko. Unaandika, unahisi mtu yuko begani, ukigeuka kweli yupo, anasoma jibu lako, na uso wake hausemi kitu. Rhobi, rafiki yangu tuliyekaa chumba kimoja, binti wa Bunda mjini mwenye maneno mengi, alikuwa anasema, "Afadhali fisi. Fisi anacheka kwanza."

Karatasi zikishakusanywa, anakunja kona yenye jina na kuibana kwa pini ili asijue ni ya nani. Anasahihisha zote na alama anaziandika kwenye daftari. Zinakaa siku tatu. Siku ya nne anazisahihisha upya kana kwamba hajawahi kuziona, kisha analinganisha, na zikipishana anarudia mara ya tatu. Wenzake walikuwa wanamcheka. Mwalimu mmoja aliwahi kumwambia mbele yetu, "Mzee, hao ni wanafunzi, si dhahabu." Akajibu, "Dhahabu ikipimwa vibaya anayelia ni tajiri."

Halafu kulikuwa na kikao cha karatasi. Mwisho wa muhula anakuita ofisini peke yako, anakupa karatasi zako zote, anakwambia ujumlishe mwenyewe. Yeye anatazama dirishani, upande wa ziwa. Ukimaliza unasoma jumla yako kwa sauti, naye anasoma yake kutoka daftarini, zikikutana unatia saini. Wapo waliokaa pale muda mrefu wanajumlisha tena na tena, labda namba itawaonea huruma. Akiona hivyo anasema neno lake lililojulikana chuo kizima: "Alama si karanga, siwezi kukuongezea kiganjani."

Watu walijaribu. Wee, walijaribu! Mzazi mmoja alitoka Butiama na jogoo mkubwa kwapani, mwanae alikuwa anayumba kwenye majaribio. Mkufunzi akampokea jogoo kwa mikono miwili, akashukuru sana, mzazi akaondoka anatabasamu. Alhamisi tulipoingia kwenye praktiko ya kuchunguza mzoga, jogoo yuko mezani, na mtoto wa mwenye jogoo ndiye aliyeitwa kumpasua. Mara nyingine kanisani kwake walimtuma padre akaseme naye kuhusu kijana wa kwaya aliyekosa alama mbili. Wanasema alimsikiliza padre mpaka mwisho, kofia mkononi, kisha akamwambia, "Baba, wewe unasamehe dhambi. Mimi nasahihisha karatasi." Padre alicheka. Kijana wa kwaya alirudia mwaka.

Ila huyohuyo alikuwa na upande mwingine, na ushahidi ninao mwilini mwangu. Muhula wa kwanza malaria ilinipanda kichwani siku mbili kabla ya jaribio. Nilipopata fahamu wodini nilimkuta amekaa kwenye stuli na chupa ya uji. Alikuja siku tatu mfululizo. Uji amepika mke wake. Yeye anaumimina kwenye kikombe, anaupuliza, ananipa, wala hatuzungumzi. Nilimpenda kama mzazi, sioni aibu kusema. Siku niliyoruhusiwa, plasta ya dripu bado iko mkononi, akatoa bahasha mfukoni. Jaribio langu hilo! Akanikalisha kwenye benchi nje ya wodi, akavua viatu, akasema, "Una saa moja na nusu." Nilipata nusu ya alama zote za jaribio, na hakuna hata moja aliyoniongezea kwa ajili ya homa.

Sasa tuje kwenye praktiko iliyonimaliza, ile ya Mugeta. Tulipelekwa na gari la chuo kwenye boma la mfugaji mmoja, kila mtu na fomu yake: orodhesha ng'ombe wote wa boma, andika jumla, kadiria dozi za chanjo. Alama zake nne, unapata zote au unakosa zote, maana alisema idadi ikikosewa chanjo yote imekosewa. Asubuhi ng'ombe wakafunguliwa. Mkufunzi akasimama getini anahesabu wanavyopita: thelathini. Wenzangu wakajipanga pembeni yake, nao wananyoosha vidole, Rhobi mbele kabisa. Wote wakaandika thelathini.

Mimi sikuweza. Haya, nichekeni. Nimekulia Bugwema, kwenye nyumba ya ng'ombe, na kwetu ng'ombe wa mtu hawanyooshewi kidole na kuhesabiwa mwenyewe akiwa anatazama. Baba alikuwa anawajua wake wote kwa rangi na kwa mama zao. Jioni anatupa jicho zizini na kusema, "Yule mwenye baka hajarudi," na kweli hajarudi. Namba hakuwahi kutaja, na sisi watoto tukitaja tunachapwa, maana tuliambiwa ukiwataja kwa namba wanapungua. Najua, najua, nilikuwa mwanafunzi wa stashahada, vitabu nimesoma. Lakini yule mfugaji alikuwa amesimama pale, mzee wa rika la baba, ananitazama mimi, na kidole changu kikakataa kunyooka. Basi nikazunguka boma taratibu, nikamwamkia mama wa nyumba, nikaandika kila ng'ombe kwenye mstari wake. Mweusi wa kiuno cheupe, dozi moja. Mwekundu aliyekatika sikio, dozi moja. Wa kijivu mwenye pembe za kuinama, dozi moja. Nikajaza ukurasa wa mbele na nusu ya ule wa nyuma. Kisanduku cha jumla nikakiacha wazi.

Fomu ilirudi na sifuri ya kijani, na chini yake maneno matatu: "Serikali haichanji rangi."

Ndiyo hiyo sifuri iliyonikalisha ofisini kwake siku ya kikao nikijumlisha mara nne mfululizo. Yeye anatazama ziwa.

"Soma," akasema.

"Kumi na tisa, Mwalimu."

"Na mimi kumi na tisa. Tia saini."

"Nakata rufaa. Ile fomu ya Mugeta."

Akageuka. "Sheria ya rufaa unaijua?"

Nilikuwa naijua, nani hakuijua? Rufaa kwake ilikuwa msumeno, inakata mbele na nyuma. Anachukua karatasi zako zote anasahihisha upya, na alama inaweza kupanda au kushuka. Mwaka uliotangulia kijana mmoja alikuwa na ishirini na nne zake nzuri tu, akakata rufaa kwa tamaa, akatoka na kumi na nane. 

"Mwalimu, mimi nina kumi na tisa," nikamwambia. "Nikishuka nitakufa mara mbili?"

Akanipa siku moja kuleta barua. Barua hiyo aliandika Rhobi. Mimi nilikuwa nimeandika tarehe tu na kuifuta, akaninyang'anya karatasi, akakaa kitandani kwake, akaandika kwa ule mwandiko wake wa kulala huku ananitukana. "Mtoto wa Bugwema, unashindwa kuhesabu ng'ombe! Ungekuwa unahesabu kondoo ungelala." Yeye alikuwa ameshatia saini yake, ishirini na mbili. Alinionyesha karatasi. "Mbili za akiba," alisema, na akacheka. Nakumbuka vizuri sana kwamba alinionyesha.

Siku mbili baadaye Mkufunzi aliniita. Fomu yangu ilikuwa mezani peke yake.

"Boma lile lilikuwa na ng'ombe thelathini," alisema. "Mistari yako nimeihesabu. Ni thelathini na moja. Huyu mmoja umemtoa wapi?"

"Nimeandika niliowaona, Mwalimu."

"Kubuni ng'ombe ni udanganyifu. Udanganyifu hauna kurudia mwaka, unajua? Ni kufukuzwa." Akafunga kofia ya kalamu. "Kesho asubuhi tunakwenda mimi na wewe. Utanionyesha."

Tulikwenda na pikapu ya chuo. Dereva alifungua redio, Mkufunzi akaifunga. Kutoka Musoma mpaka tunaingia Mugeta sikusikia neno isipokuwa dereva akimsalimia trafiki. Mimi naomba Mungu, na katikati ya kuomba nawataja ng'ombe mmoja mmoja kichwani, nani nimemwandika mara mbili? Nilijiamini, halafu kwenye kona inayofuata sijiamini tena.

Mfugaji alikuwa ameenda mnadani, tukamkuta mama wa nyumba. Ng'ombe wakafunguliwa. Safari hii Mkufunzi hakuhesabu. Alishika fomu yangu, kila ng'ombe anayepita anamtafuta kwenye mistari na kumtia tiki ya kijani. Mweusi wa kiuno cheupe, tiki. Aliyekatika sikio, tiki. Mpaka wa mwisho akatoka, vumbi likatulia, na kwenye fomu ukabaki mstari mmoja. Dume mwekundu, baka jeupe kwapani, anafungwa nyuma ya ghala.

Tukaenda nyuma ya ghala. Nguzo ipo. Dume hayupo, kamba haipo, hata kinyesi kibichi hakipo. Mkufunzi akanitazama, na katika macho yale nikajiona nimeshafukuzwa, niko nyumbani, baba ananiuliza nimefanya nini.

"Mama," nikamwita yule mama. "Yule dume mkali wenu?"

"Yule? Ameazimwa kwa shemeji, kule ng'ambo ya korongo." Akaendelea kupepeta mtama wake. "Hapa anafungwagwa peke yake huko nyuma. Anapigaga watu yule, getini hapitagi na wenzake."

Nilitaka kumbusu. Tukavuka korongo, Mkufunzi mbele na viatu vyake vya ofisini, mimi nyuma. Dume alikuwepo, amefungwa kwenye gogo, mwekundu, anapuliza pua. Nikasema, ndiye huyo, Mwalimu, twende. Akasema, "Fomu inasema baka kwapani." Jamani! Akainama, akasogea, akachungulia upande wa kushoto, hakuna. Akazunguka upande wa kulia. Dume akarusha kichwa, pembe ikachana shati kuanzia mfukoni mpaka kiunoni, Mkufunzi akaanguka makalio, akajiburuta nyuma, akasimama. Alikuwa anahema. Akaokota fomu, akajipapasa, kalamu akaikuta kwenye majani, akatia tiki.

"Thelathini na moja," alisema.

Tulirudi kwa njia ya Bunda, dereva akasimama tunywe chai. Mkufunzi hakuigusa yake. Shati lilikuwa limeshikizwa kwa pini, zile za kubania kona za karatasi.

"Nilihesabu getini kama mgeni," alisema, kwa sauti ya chini. "Na mimi baba yangu hakuwahi kutaja namba. Ningezunguka boma kama wewe."

Nilikuwa nasubiri alama zangu.

"Kisanduku cha jumla hukujaza, lakini chanjo uliyoomba inamtosha kila mnyama. Ya wenzako inamwacha mmoja. Nikikurudishia wewe nne, lazima niwanyang'anye wao nne. Jibu haliwezi kuwa sahihi mara mbili." Akanitazama. "Rufaa ni yako. Unaweza kuiondoa hapa hapa, ikabaki kama ilivyokuwa."

"Nataka alama zangu, Mwalimu."

Nilisema hivyo, na haraka. Ishirini na mbili ukitoa nne ni kumi na nane. Hesabu hiyo mtoto wa darasa la pili anaifanya, na mimi karatasi ya Rhobi nilikuwa nimeionyeshwa. Siwezi kusema sikujua. Nilishusha macho kwenye chai yangu, nikaongeza sukari.

Mchana uleule alisimama mbele ya darasa na shati lake la pini. Akasema, "Nilikosea. Ng'ombe ni thelathini na moja." Akaeleza yote, geti, ghala, dume, hakujificha nyuma ya kitu. Kisha akafuta alama nne za kila aliyeandika thelathini, na hao ndio waliokuwa darasa zima ukinitoa mimi. Watu wakanung'unika, lakini wengi walikuwa na akiba ya kutosha. Aliyeanguka chini ya ishirini alikuwa mmoja.

Rhobi alisimama. "Mwalimu, mimi nilihesabu nikiwa nimesimama pembeni yako."

"Naam," alisema Mkufunzi. "Ungesimama pembeni ya ng'ombe."

Chumbani nilitaka kumsaidia kukunja vitenge. "Acha," akasema. Neno moja tu, yeye wa maneno mengi. Jioni simu iliniambia ametoka kwenye grupu la darasa. Mimi nilifanya mtihani wa mwisho, nikafaulu, nikaajiriwa. Namba yake ilibaki kwenye simu yangu, nikibadilisha simu naihamisha na wengine, na sikuwahi kuipiga. Nilijiambia ataniona namcheka. Huo ulikuwa uongo, nilikuwa naogopa.

Na Mkufunzi? Siku ile ndiyo iliyomfanya awe hadithi. Mwalimu aliyechanwa shati na dume kwa sababu ya alama nne za mwanafunzi, akakiri kosa mbele ya darasa! Nani mwingine angefanya hivyo? Nimeisimulia mara nyingi, na kila ninapoisimulia Rhobi namtaja kidogo zaidi, mpaka nikafika mahali simtaji kabisa.

Miaka imepita. Mimi ni afisa mifugo wa kata upande wa Butiama. Mwezi uliopita mwenzangu wa Mugango alikuwa likizo, nikapigiwa simu kuna ndama anaharisha kwa mzee mmoja karibu na ziwa. Nafika, nashusha boksi la dawa kwenye pikipiki, mwenye ndama anatoka nyumbani. Ni yeye. Amekonda, kichwa cheupe, kandambili miguuni.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, binti." Alinijua palepale. Tulimshika ndama pamoja, nikampa maji ya chumvi na sindano, mke wake akaleta chai. Tuliongea habari za kazi, za ukame, za magonjwa ya kupe. Halafu akaniuliza, bila kunitazama, yule mwenzangu wa Bunda yuko wapi.

"Rhobi? Nasikia anauza kwenye duka la dawa za mifugo pale Bunda. Si lake, la mtu."

"Hakurudia mwaka?"

"Baba yake alisema imetosha."

Mke wake alitutazama, akaingia ndani.

"Koziweki ilikuwa arobaini," akasema Mkufunzi. "Ukiitoa fomu ya Mugeta, ukaifuta kabisa kwa watu wote, inabaki ngapi?"

"Thelathini na sita."

"Nusu yake?"

"Kumi na nane."

"Wewe ungekuwa na kumi na tisa juu ya thelathini na sita. Yeye kumi na nane. Mngepita wote wawili." Alikuwa anaongea kwa utaratibu kabisa, alikwishayasema haya peke yake mara nyingi. "Mwalimu akikosea swali, swali linafutwa. Hiyo ndiyo sheria, nimeifundisha. Mimi badala yake nikawaadhibu waliohesabu nilivyohesabu mimi."

"Uliijua lini hii?"

"Jumapili iliyofuata. Kanisani."

"Orodha ya wanaoingia kwenye mtihani ilikuwa imeshapelekwa?"

Akatikisa kichwa. "Jumatatu asubuhi ilikuwa bado mezani kwangu. Niliishika. Nilikuwa nimeshasimama mara moja mbele yenu nikasema nimekosea, na chuo kizima kinanisifu. Kusimama mara ya pili niseme hata kukosea kwangu nimekukosea..."

Nilitaka kumpiga, nasema kweli. Mzee wa watu, chai ya mke wake iko mkononi mwangu, na nilitaka kumpiga. Uji wodini, shati, dume, zote hizo, na orodha ilikuwa mezani!

"Ukimwona," akasema, "umwambie."

"Mimi? Hapana, Mwalimu. Hiyo utasema mwenyewe." Nikasimama, nikafunga boksi la dawa. "Pikipiki hii hapa. Vaa viatu."

Alinitazama kama anataka kukataa, halafu akaingia ndani akavaa viatu. Njia nzima mpaka Bunda alikuwa amenishika mabega, mikono yake mepesi, na mimi hasira ikawa inapungua na kitu kingine kinapanda, maana nilikuwa naanza kuona kwamba na mimi nakwenda kule kule.

Duka lilikuwa karibu na stendi. Rhobi alikuwa nyuma ya kaunta, amenenepa kidogo, anampimia mteja dawa ya kuogeshea. Alituona mlangoni. Akamaliza kumimina, akafunga kifuniko, akampa mteja chupa.

"Shikamoo, Mwalimu," alisema.

"Marahaba." Mkufunzi hakukaa kwenye kiti alichoonyeshwa. "Nimekuja kwa habari ya ile fomu ya Mugeta. Ilitakiwa kufutwa. Ukiifuta, inabaki thelathini na..."

"Na sita," akasema Rhobi. "Nusu yake kumi na nane, na mimi nilikuwa nayo. Niliipiga hesabu hiyo siku ile ile kwenye basi, kabla hatujafika hapa."

Mkufunzi akaegemea kaunta. "Kwa nini hukurudi ukasema?"

"Niseme nini, Mwalimu? Wewe unasahihisha karatasi moja mara tatu. Nikajua utaiona tu." Alikuwa anafuta kaunta, haonyeshi hasira, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. "Nikakaa nyumbani nasubiri unipigie. Mwezi mzima simu haitoki kwenye chaji."

Kisha akageukia upande wangu. Nilikuwa nimesimama nyuma ya Mkufunzi, kofia ya pikipiki bado iko kichwani.

"Na wewe," akasema. "Namba yako niliiwekea mlio wake, nisije nikaikosa."

Mteja mwingine alikuwa amesimama mlangoni na karatasi yake mkononi. Rhobi akamwita apite mbele, akamuuliza ana ng'ombe wangapi.